Angiotensini II na Figo la Mkazi wa Nchi Kame: Hoja kutoka Kambu

Angiotensini II ni peptidi fupi yenye asidi amino nane. Katika mafunzo ya tiba ya presha hutajwa zaidi kama kitu cha kuzuiwa, kwa kuwa hubana mishipa ya damu na kulifanya figo lishikilie sodiamu. Hayo ni kweli. Lakini mahali kama Kambu, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, kazi hiyohiyo ya homoni hii ndiyo inayoliokoa figo mwili unapokauka. Ninashikilia kwamba anayeandika dawa ya kuizuia huko hajamaliza kazi yake kabla ya kumweleza mgonjwa afanye nini siku ya kuhara, kutapika au kuvuna ndengu juani bila maji ya kutosha.

Tulitazame figo kwa karibu. Moyo ukisukuma lita tano za damu kwa dakika, takriban lita moja hupita kwenye figo mbili. Damu huingia katika kila kichujio kwa kishipa kimoja na kutoka kwa kingine. Kwa siku nzima vichujio hivyo hupitisha lita 180 hivi za majimaji, yakiwa na sodiamu inayolingana na takriban kilo moja na nusu ya chumvi ya mezani; zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu hiyo hurudishwa mwilini.

Maji ya mwili yanapopungua, figo hutoa renini, kimeng'enya kilichogunduliwa na Robert Tigerstedt na Per Bergman mwaka 1898, na mlolongo unaoanzia hapo huzaa angiotensini II. Homoni hii hukibana kishipa cha kutoka kuliko cha kuingia. Damu inayopita kwenye figo hupungua, ila shinikizo ndani ya kichujio hubaki juu, na uchujaji huendelea karibu kama kawaida. Kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya majimaji imechujwa, damu inayotoka imekolea protini. Inapozunguka mirija ya figo huvuta maji na sodiamu kuvirudisha mwilini. Juu ya hapo, homoni yenyewe huichochea mirija kunyonya sodiamu, na huiamuru tezi iliyo juu ya figo kutoa aldosteroni. Mkojo huwa haba na sodiamu hubaki.

Dawa kama enalaprili na losartani hukata mlolongo huo. Mwenye maji ya kutosha mwilini hunufaika: kishipa cha kutoka hulegea, shinikizo hushuka. Mwenye kisukari ambaye mkojo wake una protini hulindwa figo kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo sisemi dawa hizi ziachwe. Hatari huja zinapokutana na nyingine mbili. Vidonge vya kukojoza hupunguza maji mwilini. Diklofenaki au ibuprofeni, vinavyouzwa kwenye kemisti kwa maumivu ya mgongo, huzuia prostaglandini ambazo hukiacha wazi kishipa cha kuingia. Hapo mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea umelegea, na damu yenyewe imepungua; kichujio hukosa nguvu ya kuchuja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu watumiaji wa dawa za presha zaidi ya 480,000, ulikuta kwamba waliotumia aina zote tatu pamoja walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuumia figo ghafla, hasa katika siku 30 za mwanzo. Hao waliishi kwenye baridi, na maji ya mfereji yalikuwa nyumbani.

Maji ya Makueni, kaunti ilimo Kambu, na ya Kitui huongeza jambo jingine. Visima vingi vya kuchimbwa huko hutoa maji ya chumvi. Anayekula sodiamu nyingi kila siku hutoa renini kidogo, na anayetoa renini kidogo hapati nafuu kubwa kwa kuzuiwa angiotensini peke yake. Jaribio la CREOLE la mwaka 2019, lililofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kwamba amlodipini pamoja na kidonge cha kukojoza, au pamoja na perindoprili (dawa ya kundi la enalaprili), ilishusha presha kuliko perindoprili na kidonge cha kukojoza. Mchanganyiko ulioshindwa ndio huohuo unaohitaji diklofenaki tu ili utatu wa hatari ukamilike. Kwa mgonjwa asiye na sababu maalumu ya kupewa mchanganyiko huo, sioni kwa nini tabibu wa Kambu auanze.

Wapo wanaopinga: mgonjwa akiambiwa asimamishe dawa siku ya kuhara, huenda asirudie tena. Pingamizi hilo ni zito, na ushahidi wa majaribio kuhusu ushauri huo bado ni mchache. Lakini kunyamaza hakumfanyi aendelee kumeza vidonge kwa usalama. Aambiwe ni kidonge kipi, asimamishe lini, na akirudie baada ya kula na kunywa kawaida kwa siku moja au mbili. Akizidiwa aende kituoni. Maelezo hayo yaandikwe kwa Kikamba kwenye kadi ya kliniki, na mhamasishaji wa afya ya jamii aulize habari zake anapopita nyumbani. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo linavyochuja, ipimwe kabla ya dawa kuanza na tena baada ya wiki moja au mbili. Na muuzaji wa kemisti, kabla ya kutoa diklofenaki, aulize kwanza: unameza dawa za presha?