Kutoka soko la mifugo hadi bungeni: karne ya wafanyabiashara wa Isiolo

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipata malalamiko ya aina yake. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, wakiwemo wafanyabiashara wa mifugo na wenye maduka wa Isiolo, walikataa kodi ya kichwa waliyopangiwa. Hawakutaka ipunguzwe. Walitaka ipandishwe, walipe sawa na Wahindi.

Mzozo huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na asiyejua maisha ya mfanyabiashara wa kaskazini enzi hizo anaweza kuudhani kuwa kiburi cha watu wachache. Kodi ilikuwa inaamua mtu ni nani mbele ya sheria: aishi wapi, asafiri vipi, afungue duka mji gani. Wahindi walikuwa na wajumbe waliochaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mfanyabiashara wa Isiolo hakuwa na mjumbe yeyote. Kabla ya kuomba kura aliomba kwanza kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaosikilizwa, na alikuwa tayari kuilipia nafasi hiyo.

Wengi wa Wasomali hao walikuwa askari wastaafu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, au watoto wao. Walipewa ruhusa ya kukaa Isiolo na mifugo yao, na sheria ya mwaka 1919 iliwatoa baadhi ya Wasomali katika kundi la wenyeji kwa mambo fulani. Mji ulikua kati ya nyanda za walowezi na malisho ya kaskazini, ukiwakutanisha Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru, Wasomali na wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu. Palikuwa mahali pazuri pa kufanyia biashara kwa kila hali isipokuwa moja, nayo ilikuwa serikali.

Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu maeneo ya pembezoni kufungwa, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Ile ya mwaka 1934 iliongeza minyororo juu ya mwendo wa wafugaji. Tena kulikuwa na karantini. Sababu iliyotajwa ilikuwa maradhi ya mifugo, lakini karantini hiyo hiyo iliwalinda walowezi dhidi ya ng'ombe wa bei nafuu kutoka kaskazini. Mfanyabiashara angeweza kuwa na mifugo, wanunuzi na njia, akakwama kwa sababu ya karatasi moja. Ndiyo maana naamini siasa ya Isiolo ilizaliwa sokoni kabla ya kufika kwenye majukwaa.

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wanane wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Isiolo, haikupata hata kiti kimoja. Vyama vya siasa viliporuhusiwa huko mwaka 1960, chama cha NPPPP kilivuta watu wengi kwa ahadi ya kujitenga na Kenya na kuungana na Somalia. Tume iliyoteuliwa na Uingereza, iliyozunguka eneo hilo Oktoba 1962, ilikuta wengi wanataka kujitenga. Machi 1963 Uingereza ikaamua vinginevyo, na wafuasi wa NPPPP wakasusia uchaguzi wa Mei. Juni mwaka huo mkuu wa kwanza Mwafrika wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Desemba, siku chache baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa.

Vita vya Shifta, kati ya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga, viliimaliza mali. Waborana wa Waso, yaani wa eneo la Isiolo, wanauita wakati huo Gaafa Daaba. Familia zilikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi kama Garba Tulla na Merti, mifugo ikafa kwa njaa ndani ya ua au ikapigwa risasi nje yake, na ngamia wa wilaya ya Isiolo karibu waishe. Mtu aliyekuwa na mamia ya mifugo mwaka 1963 aliweza kuwa mpokea chakula cha msaada miaka michache baadaye. Mapatano ya Arusha kati ya Kenya na Somalia, ya Oktoba 1967, yalinyamazisha bunduki, ila kanuni za hali ya hatari zilibaki hadi 1991, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangishwa foleni kuthibitisha uraia wao.

Linganisha na Kiambu. Mfanyabiashara wa huko, Njenga Karume, alianza kwa kuuza makaa, akaingia kwenye mbao, akawa msambazaji mkubwa wa bia. Mwaka 1974 aliteuliwa kuwa mbunge, na 1979 akachaguliwa Kiambaa. Katikati ya safari yake, mwaka 1971, ripoti ya Tume ya Ndegwa iliwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara, na tangu hapo mali na madaraka vikawa vinatembea pamoja nchini. Simlaumu Karume kwa bidii yake. Nasema tu kwamba miaka ile ile ambayo mchuuzi wa kusini alikuwa akipanda ngazi, mwenzake wa Isiolo alikuwa akianza upya na mbuzi wachache, mahali ambapo lami iliishia na watu walisema wanasafiri "kwenda Kenya".

Waliotoka Isiolo kwenda kwenye viti vikubwa baadaye wamejulikana zaidi kwa taaluma zao. Mohamed Kuti, daktari, alichaguliwa mbunge wa Isiolo Kaskazini mwaka 2002, akawa waziri wa mifugo, kisha seneta, kisha gavana. Fatuma Dullo, wakili, mwaka 2017 alikuwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa maseneta nchini.

Mlango wa mfanyabiashara ulifunguka hasa mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza. Bunge la Kaunti ya Isiolo lina wadi kumi, kuanzia Wabera na Bulla Pesa mjini hadi Sericho, Cherab na Oldonyiro, pamoja na viti vya uteuzi. Katika wadi kama hizo, mtu wa biashara huanza kampeni kabla hajaitangaza. Mifugo kaskazini hununuliwa kwa kuaminiana: mchuuzi huchukua mbuzi kwa mfugaji wa Merti, huwapakia lori hadi Kiamaiko, Nairobi, na deni hulipwa akirudi. Dalali humjua muuzaji, ukoo wake na malisho yake. Mwenye duka huandika unga na sukari kwenye daftari wakati wa kiangazi. Mahusiano hayo ni mtaji wa kura ambao mwalimu au mhandisi hana. Yana ubaya wake pia, maana anayekudai ni vigumu kumnyima kura.

Ubaya mkubwa zaidi uko ndani ya ukumbi wenyewe. Kila mwaka bunge la kaunti hupitisha sheria ya fedha, nayo ndiyo hupanga ushuru wa soko la mifugo na ada za leseni za biashara. Mwakilishi mwenye malori na madalali hupiga kura juu ya mfuko wake mwenyewe. Naona ni haki kabisa mtu anayejua uchungu wa karantini na vibali atunge sheria za soko. Babu zake walinyimwa hilo. Lakini ujuzi huo ni wa wote, na mwakilishi anayekaa kimya kuhusu mali yake ameurudisha mlango ule ule uliofungiwa wazee, safari hii akiwa upande wa ndani. Sheria ya mgongano wa maslahi iliyotiwa saini Julai 2025 inamtaka kiongozi ajitoe katika uamuzi unaomhusu, na Isiolo ina kila sababu ya kudai itekelezwe.

Kuna wafanyabiashara wengine ambao siasa bado inawasahau. Wanawake wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia usiku na mchana na kuyapeleka Eastleigh kwa basi. Wanajua bei ya mafuta, ubovu wa barabara za ndani na hasara ya maziwa yanayochacha njiani kuliko mjumbe yeyote wa kamati. Vyama vinapoandika orodha za uteuzi kwa ajili ya usawa wa jinsia, wanawake wa aina hii ndio wangepaswa kutafutwa kwanza. Pengo hilo lina gharama: kichinjio cha kisasa cha Isiolo kilichukua zaidi ya miaka kumi kujengwa bila kuanza kazi. Laiti watu wa sokoni wangekuwa wengi zaidi mezani, swali la kichinjio hicho lingeulizwa kila kikao.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mpiga kura wa Isiolo, mgombea akija kwako na sifa za biashara yake, muulize mambo mawili mbele ya watu: anamiliki nini, na ushuru wa soko ukifika mezani, atasimama wapi.