Leseni Ambayo Haijathibitika

“Leseni imegoma.” Ndivyo wasemavyo mafundi wa kompyuta pale AutoCAD au Photoshop inapofunguka nusu, ikatoa kidirisha cha onyo, kisha ikajifunga. Kauli hii naipenda. Inaeleza kilichotokea bila kumnyooshea mtu kidole. Tatizo huanza mtu anapotaka kuisema kitaalamu, akaandika kwamba leseni ni “batili” au “si halali”.

Batili ni neno zito. Mkataba batili hauna nguvu yoyote kisheria, na ndoa batili si ndoa. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, uchaguzi huo ulilazimika kurudiwa. Halali nayo haitembei peke yake: nyuma yake ipo haramu, na mizani ya dini inayopima nyama, chumo na unyumba. Mchora ramani za nyumba aliyelipia programu yake kihalali akiambiwa mbele ya mteja kwamba leseni yake ni batili, mteja ataelewa jambo moja tu: huyu anatumia kopi ya wizi.

Lakini kidirisha kile mara nyingi hakijui lolote kuhusu uhalali. Leseni ni haki, inatoka kwenye mkataba na malipo. Uamilishaji ni kuifunga haki hiyo kwenye mashine fulani au akaunti fulani. Uhakiki ni jambo la tatu: programu inauliza, kupitia mtandao au faili lililomo ndani ya kompyuta, kama haki ile bado ipo. Kinachokwama kwa kawaida ni hili la tatu. Askari wa barabarani mwenye kimashine kisichoshika mtandao hawezi kusema leseni yako ya udereva imefutwa; anachoweza kusema ni kwamba hajaweza kuikagua.

Na Kiswahili kina chombo cha kusema hivyo hasa. Kiambishi -ja- cha ukanushi hakifungi mlango. “Haijathibitika” maana yake kazi ya kuthibitisha haijafika mwisho, na huenda ikafika. “Haithibitiki” ni jambo jingine: hakuna njia ya kuithibitisha. “Imekataliwa” ni la tatu, maana hapo yupo aliyeulizwa akajibu hapana. Kauli ya kutendeka inatusaidia pia, kwa kuwa haidai mtenda. Inaacha wazi kama kosa ni la mtumiaji, la mashine au la seva. Ningekuwa mwandishi wa ujumbe ule, ningeanza na “haijathibitika”, na nisingegusa “batili” mpaka mwenye programu mwenyewe aseme leseni imefutwa.

Tofauti hizi zina faida benchini. FlexNet, mfumo ambao Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, na kampuni nyingine wameutumia kugawa leseni za mtandao ofisini, hutoa namba za makosa, na kila namba inataka kitenzi chake. Hasi 4: leseni zote zimeshikwa na wenzako, subiri mmoja afunge programu. Hasi 9: mashine hii siyo iliyoandikwa kwenye faili la leseni, jambo linaloweza kutokea ukibadilisha kadi ya mtandao. Hasi 10: muda umekwisha. Hasi 15: seva haifikiki, kwa hiyo tazama waya, ukuta-moto na kama seva imewashwa. Hasi 88: saa ya kompyuta imerudishwa nyuma. Ukizikusanya zote ndani ya “leseni batili”, fundi atafuta programu na kuiweka upya kwa bando la mteja, huku tatizo likibaki palepale lilipokuwa.

Suala la saa nalisisitiza kwa sababu ni dogo na linasumbua wengi. Betri ya ubao-mama, ile bapa ya CR2032 yenye umbo la sarafu, ikichoka, kompyuta huweza kuamka ikiamini bado ni mwaka wa zamani, miaka mingi nyuma. Vyeti vinavyolinda mazungumzo kati ya programu na seva vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Saa ikikosea, cheti hukataliwa, na uhakiki hauanzi kabisa. Jingine ni faili la hosts, ambamo kompyuta hutazama anwani za mtandao kabla ya kuuliza kwingine. Waliowahi kuweka kreki, yaani kiprogramu cha kuvunja kinga ya leseni, mara nyingi waliandika humo mistari ya kuzuia anwani za seva za uhakiki. Mwenye mashine akija kununua leseni ya kweli, mistari ile bado ipo, inamzibia njia ya kuuliza. Haki anayo mkononi, na bado haijathibitika.

Neno “haithibitiki” nalo lina siku yake. Adobe, kampuni ya Photoshop, ilitoa Creative Suite 2 (CS2) mwaka 2005, ikiuzwa kwa leseni ya kudumu, kabla kampuni hiyo haijahamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka na Creative Cloud mwaka 2013. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2013 watumiaji walikuwa wameshakuta seva za kuamilisha CS2 zimezimwa. Mtu aliyelipa bei kamili hakuwa na pa kuuliza. Adobe ililazimika kuwawekea wateja hao toleo lisilohitaji kuamilishwa, pamoja na namba zake. Leseni zao hazikuwa zimefutwa wala kuisha muda. Aliyetakiwa kuzithibitisha ndiye aliyeondoka.