Haiti na Funguo za Hazina

Dola ya Haiti, iliyosimamishwa tarehe 1 Januari 1804 na watu waliokuwa watumwa wa mashamba ya miwa na kahawa, baada ya kuyashinda majeshi ya Napoleon, haikuachwa itulie hata umri wa kizazi kimoja; kwani mwaka 1825 Charles wa Kumi, mfalme wa Ufaransa, alipeleka manowari zake mpaka Port-au-Prince kudai fidia ya faranga milioni 150, ati kwa ajili ya mali waliyopoteza mabwana wa zamani, na katika mali hiyo wamo watumwa wenyewe. Deni hilo lilipunguzwa baadaye, lakini lilizaa mikopo juu ya mikopo, na kwa rai yangu ndilo lililoubomoa ukuta ambao wageni wengine walikuja kupitia.

Wageni hao walikuwa Wamarekani. Disemba 1914 askari wao wa majini walichukua katika Benki ya Taifa dhahabu yenye thamani ya dola 500,000, wakaipakia melini kwenda New York. Waliporudi tarehe 28 Julai 1915, baada ya Rais Vilbrun Guillaume Sam kuuawa na umati ulioghadhibika kwa mahabusu waliochinjwa gerezani, walinena habari ya amani; lakini haukupita muda ila forodha zote zilikuwa mikononi mwao. Katiba ya mwaka 1918 ikawahalalishia wageni kumiliki ardhi, jambo ambalo Dessalines alikuwa amewaharamishia wazungu katika katiba yake ya 1805.

Hata hivyo, kilichowachoma wakulima hakikuwa katiba bali shokoa. Sheria kongwe ya barabara ilifufuliwa, watu wakakamatwa kwenda kufanya kazi mbali na makwao, wengine wakifungwa kamba. Na wajukuu wa watumwa hawakuhitaji kufasiriwa maana ya kamba. Ndipo Charlemagne Péralte, mzaliwa wa Hinche, ofisa aliyekuwa amehukumiwa kifungo na kazi ngumu, akatoroka mwaka 1918 na kuwakusanya wapiganaji wa milimani walioitwa Cacos, ambao wengi wao silaha yao ilikuwa panga. Aliuawa kwa hila mwaka uliofuata, na ofisa Mmarekani aliyejipaka masizi usoni akapenya kambini mwake. Maiti yake ikafungwa kwenye mlango, ikapigwa picha, na nakala zikatawanywa ili watu waingiwe na hofu. Nao, kinyume cha matarajio, wakamwona humo msulubiwa, na mchoraji Philomé Obin akamchora hivyo hivyo.

Mauaji ya wakulima huko Marchaterre, Disemba 1929, yaliifedhehesha Marekani mbele ya walimwengu. Askari wakaondoka Agosti 1934. Usimamizi wa fedha za Haiti haukuondoka nao, bali ulidumu hadi mwaka 1947.