Mwanzo wa Rabai

Somo: Yoshua 24:14-22



Mwaka unapoanza, au tunapofunga ndoa, au tunapopata kazi mpya, ni rahisi kumwahidi Mungu mengi. Wana wa Israeli walipokwisha kugawiwa nchi yao, Yoshua aliwauliza watamtumikia nani. Wakajibu upesi. Lakini Yoshua hakuridhika na jibu la upesi. Aliwaonya kwamba neno walilolitamka ni zito.

Uzito huo tunauona hata hapa kwetu Kenya. Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Huo ndio uliokuwa mwanzo wake: kaburi. Wengi wetu tungefunga mizigo turudi. Krapf alibaki.

Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann kumsaidia. Tarehe 25 Agosti walihamia Rabai, ambako wazee walikuwa wamewakubalia wakae. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa, wakapanda kilima kwa shida kubwa. Hawakungoja wapate nguvu ndipo waanze.

Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa ajili ya afya. Rebmann alikaa hadi 1875, miaka 29, akaondoka akiwa kipofu. Waliobatizwa katika miaka hiyo yote walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, kilema, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Tukihesabu kama mwenye duka, tutasema hii ni hasara.

Lakini Mungu hafungi hesabu zake kila mwisho wa mwaka. Baadaye Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka. Aliyetumika huko kati yao ni William Jones, Mwafrika ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameonja utumwa utotoni akakombolewa. Na tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana wa watumwa kulipwa fidia, watu wapatao 1,400 wa Rabai na vituo vingine vya misheni walipewa hati za uhuru. Kwao ulikuwa mwaka mpya kwelikweli! Rebmann hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka wa 1876.

Ndugu na dada, tunapoahidi kumtumikia Mungu hatupewi kuchagua siku ya mavuno. Labda tuliahidi kufundisha Shule ya Jumapili, wakaja watoto watatu tu. Labda tuliahidi kuwatembelea wagonjwa, kisha ugonjwa ukaingia nyumbani mwetu. Je, tutasema Mungu hakututuma? Ahadi haipimwi siku tunapoitamka mbele ya kanisa. Hupimwa siku ile hakuna anayetuona wala kutushukuru.

Basi tusingoje tuwe na nguvu, wala fedha, wala nafasi. Tuanze leo, na kesho tuendelee.

Na tuombe. Ee Bwana, ahadi yetu ni dhaifu. Utushike mkono mwanzo huu, na utufikishe mwisho tukiwa waaminifu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.