Tarakimu Tatu za Katikati

Namba ya spea ya Honda ina mafungu matatu. La kwanza lina tarakimu tano na linataja kitu chenyewe: 13101 ni pistoni ya saizi ya kiwandani, 12200 ni hedi ya silinda, 16100 ni kabureta. La mwisho linaonyesha toleo, kwa kuwa kiwanda kikirekebisha kitu, namba nayo hubadilika mkiani. Katikati kuna tarakimu tatu, na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote, maana zinakwambia kitu hicho kilibuniwa kwa ajili ya pikipiki gani hapo mwanzo. 300 ni CB750 ya mwaka 1969. 377 ni CB400 Four. 383 ni CG125.

Nilizijua namba hizi kabla sijajua kufungua injini. Miaka ya mwanzo ya themanini nilikuwa mtu wa kaunta katika duka la spea mjini Moshi. Fundi analeta kitu kilichochakaa kimefungwa kwenye gazeti, mimi nakitafuta kwenye kitabu cha michoro, naandika namba yake, kisha mara nyingi namwambia hakipo. Siku hizi nimestaafu, na muda wangu unaishia kwenye pikipiki za Kijapani za zamani: nazitafuta, nazinunua, nazirudisha barabarani kwa spea zake halisi. Watu huniuliza kwa nini nahangaika na spea halisi wakati za bei rahisi zimejaa kila duka. Jibu langu ni kwamba spea halisi imebeba mawazo ya aliyeibuni na shida za waliokuja kuitumia, na ukiibadilisha na kitu chochote kinachoingia tundu, umefuta maandishi.

Honda mwenyewe alianza na masalia. Mwaka 1946, pale Hamamatsu, Soichiro Honda alipata injini ndogo za jenereta za redio zilizobaki jeshini baada ya vita, akazifunga kwenye baiskeli. Tenki lake la kwanza lilikuwa chombo cha maji ya moto, kile ambacho Wajapani hukiweka kitandani kupasha miguu wakati wa baridi. Petroli ilikuwa ya mgawo, ikachanganywa na mafuta ya misonobari. Masalia yalipokwisha, mwaka 1947 akaanza kuunda injini zake mwenyewe. Suzuki nao ni wa mji huohuo. Tangu 1909 walikuwa watu wa mitambo ya kufumia nguo. Yamaha walikuwa watengenezaji wa vinanda, na pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mfano wa DKW ya Kijerumani. Katika miaka hiyo ya hamsini Japani ilikuwa na watengenezaji wa pikipiki zaidi ya mia moja. Karibu wote wametoweka, na ukikutana na Tohatsu au Lilac leo, hata kama bei yake inavutia, uliza kwanza spea utazitoa wapi.

Mwaka 1958 ikatoka Super Cub, ya sentimita za ujazo 49, yenye klachi isiyo na mkono wa kubonyeza, ili hata kijana anayesambaza tambi za hoteli aweze kuendesha kwa mkono mmoja na trei ya chakula mkono wa pili. Kufikia 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100. Mwaka 1969 ikaja CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, bei ambayo Waingereza hawakuiweza. Honda hawakuwa na hakika kama itauzika, kwa hiyo makasha ya injini za pikipiki takriban 7,400 za mwanzo yalisubiwa kwa njia ya gharama nafuu, ile inayoitwa kwa mazoea ya kalibu za mchanga. Ngozi ya makasha hayo ina chengachenga, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaitambua kwa kuipapasa tu. Watu haohao hulipa fedha nyingi kwa sailensa yenye muhuri wa HM300 nyuma yake, hata ikiwa na kutu. Kawasaki nao, kwa kuona mahitaji, wamefikia hatua ya kusubu upya hedi za Z1 yao ya mwaka 1972. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini moyo wangu uko kwenye 383.

Injini nyingi ndogo za Honda za miaka ya sabini zilikuwa na kamshafti juu kwenye hedi, ikizungushwa na mnyororo mwembamba kutoka chini. Zilikuwa tamu, zinapanda mizunguko vizuri. Tatizo ni kwamba kamshafti ilizunguka moja kwa moja ndani ya alumini ya hedi, bila beringi. Oili ikiwa safi, hudumu. Oili ikichelewa kubadilishwa, alumini inalika, hedi nzima inakuwa chuma chakavu. Sasa fikiria pikipiki hiyo iko kwenye vumbi, imebeba watu watatu na gunia, na oili yake hubadilishwa siku itakapopatikana. Honda walitazama jinsi mashine zao zilivyotumika katika nchi za namna hiyo, wakabuni injini nyingine kabisa, na mwaka 1976 CG125 ikawa sokoni.

Kamshafti waliishusha chini ya silinda na kuizungusha kwa gia, kwa hiyo hakuna mnyororo wa kulegea. Kichwa kimoja tu cha kamu husukuma fimbo mbili, moja ya valvu ya kuingiza na moja ya kutolea. Cheni ya nyuma wakaifunika yote kwa bati, isile vumbi. Waandishi wa magazeti ya pikipiki huko Ulaya waliweza kuona huku ni kurudi nyuma, maana fimbo za kusukuma valvu zilikuwa teknolojia ya zamani. Mimi naona ni mojawapo ya kazi za kihandisi zenye adabu kubwa kuliko zote: mtu amekaa Japani akamfikiria mwenye pikipiki ambaye hana fedha ya oili mwezi huu.

Adabu hiyo unaiona vizuri zaidi ukifungua kava la kulia la injini. Kwenye ncha ya krankshafti kuna kikombe cha chuma chenye kifuniko. Oili huingia humo, kikombe huzunguka kwa kasi ya injini, na uchafu, kwa kuwa ni mzito, hutupwa ukutani na kuganda, huku oili iliyo safi ikiendelea na safari yake. Hakuna filta ya karatasi ya kununua. Nimefungua vikombe ambavyo havikuguswa kwa miaka mingi: uchafu umekauka ukutani kama lami, ukiukwangua unatoka mapande, na ndani ya mapande hayo zinametameta chembe za alumini na shaba. Yote hayo yangekuwa yamepita kwenye beringi. Mwenye pikipiki hakujua kama kikombe kipo, nacho kilikuwa kikimlinda muda wote.

Huku kwetu pikipiki hizi na ndugu zake, XL za Honda, Suzuki na Yamaha za kuchanganya oili, zilifika zaidi kwa kazi za umma na za dini. Mapadri walizipanda, mabwana shamba, waganga wa zahanati, maofisa elimu. Halafu zikaja shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na spea ya pikipiki haikuwa kitu cha kupangiwa dola mbele ya mafuta na dawa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na polepole rafu za duka letu zikaanza kupata uzito. Katikati ya hapo nchi iliendeshwa na mafundi wa kuchonga.

Ndiyo maana nasema silinda ya pikipiki ya zamani inasomeka. CG ikitoka kiwandani ina kipenyo cha milimita 56.5. Ikichakaa, unaichonga na kuweka pistoni kubwa zaidi, na Honda walizipanga kwa namba: 13102 ni ya robo milimita zaidi, 13103 nusu, 13104 robo tatu, 13105 milimita nzima. Baada ya hapo, mwenye fedha hununua silinda mpya na asiye nayo hupiga slivu. Nilinunua CG moja kutoka kwa familia ya bwana shamba aliyefariki, huko Rombo. Slivu yake ilikuwa imechongwa kutoka bomba zito la chuma. Pistoni ilikuwa ya pikipiki nyingine, imepunguzwa kichwani kwa tupa, na alama za tupa zimepishana kwa ustadi, kila upande uzito sawa. Gasketi ilikatwa kwenye boksi la katoni. Aliyefanya vile hakuwa mbabaishaji. Alikuwa na pikipiki ya mtu anayetakiwa vijijini kesho asubuhi, na hakuwa na 13105.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wafufuaji wenzangu, wanaotaka kila kitu kirudi kama kilivyotoka kwenye boksi. Sehemu zinazozunguka na kusuguana narudishia za kiwandani bila mjadala, kwa sababu vipimo vyake ndivyo uhai wa injini. Pistoni ile ya Rombo niliitoa, nikaipaka oili, nikaihifadhi. Lakini mkono wa kiki uliofuliwa kwa nondo, ambao umepigwa na mguu uleule hadi ukang'aa, niliuacha ulipo.

Kwa anayetaka kununua, atangulize mambo machache kabla ya rangi na kiti. Namba ya fremu na ya injini zilingane na kadi. Pikipiki isiyo na kadi ni kesi, hata iwe nzuri vipi. Kisha angalia skrubu za kava. Za Kijapani halisi zina nyota ya kipimo chao, na nyingi zina kidoti kidogo kando ya nyota. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri humo; ukikaza inapanda juu na kuila nyota. Skrubu zikiwa na nyota nzima, ujue injini haijafunguliwa mara nyingi, au imefunguliwa na mtu mwenye bisibisi sahihi, na mtu wa namna hiyo huwa mwangalifu hata ndani. Beringi za kiwandani zina majina ya Koyo, NTN au NSK yaliyochongwa safi. Za kuiga jina lipo ila herufi zimepinda au kina chake hakilingani. Ringi za Riken zina herufi R ubapani, na upande huo hutazama juu. Ringi isiyo na alama yoyote mimi siifungi.

Spea zenyewe hutoka sehemu ambazo mtu hazitarajii. Kwa CG, Japani si njia kuu tena. Honda walianza kuiunda Brazil, kiwanda cha Manaus, mwaka uleule wa 1976, na Pakistan kampuni ya Atlas Honda bado inaiunda hadi leo, ya fimbo vilevile. Vitu vingi vya Pakistan vinaingia kwenye injini yangu bila kuguswa na tupa. Vya Kijapani hupatikana kwenye maduka yaliyofungwa, mtoto wa marehemu anapofungua stoo na kukuta mifuko ambayo haijachanwa.

Na zipo za Kichina. Viwanda vya China viliichukua injini ya CG vikaizalisha kwa wingi usiopimika, na pikipiki hizo ndizo zilizojaza barabara zetu kabla hata ya 2010, kanuni zilipotoka za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo. Kwa hiyo vijana wa vijiweni wanaijua injini ya 1976 bila kufungua kitabu. Mmoja alinikuta nikifunga ile ya Rombo.

"Shikamoo mzee. Mchina wa kampuni gani huyu? Mbona alumini yake nzito?"

"Marahaba. Huyu siyo mchina. Huyu ndiye waliyemnakili."

Akachuchumaa, akaomba spana, akaziseti valvu zote mbili kwa milimita 0.08 bila kuniuliza kipimo. Tulichobishania ni ringi. Yeye alitaka za duka la jirani, tumalize jioni ileile. Mimi nikasubiri za Pakistan. Zilipofika nilimpa aingize moja ndani ya silinda na kupima mwanya wake kwa geji, kisha aingize ya duka la jirani apime tena. Alipima mara mbili. Akaniuliza kama naweza kumwagizia seti nyingine, kwa ajili ya pikipiki yake ya kazi.