Mboga za msimu mkoani Singida

Mboga za msimu mkoani Singida ni mboga za majani ambazo wakazi wa mkoa huo wa Tanzania ya kati huchuma mashambani au hununua sokoni na kwenye magulio wakati wa mvua. Sehemu yake hukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Huliwa hasa kwa ugali wa mtama, uwele au mahindi. Inayojulikana zaidi ni mlenda.

Msimu

Singida ni eneo la nusu jangwa lenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Wiki chache baada ya mvua za kwanza huota mlenda, mgagani na mchicha pori, mara nyingi bila kupandwa. Baadaye hupatikana majani ya kunde na ya maboga.

Kwa sababu hiyo mwaka huwa na upungufu wa aina mbili. Wakati wa mvua mboga ni tele, lakini nafaka ya mwaka uliopita huwa inaelekea kwisha, kwani mavuno mapya huanza takriban Mei. Wakati wa kiangazi nafaka ipo, lakini majani mabichi ni adimu, isipokuwa yale ya bustani za kumwagilia.

Mapishi

Majani mabichi ya mlenda hukatwakatwa, hutiwa katika maji yanayochemka yenye magadi kidogo, kisha hukorogwa kwa upekecho hadi yavutike. Nyanya, chumvi na karanga zilizotwangwa huongezwa kwa kadiri ya uwezo wa nyumba. Mgagani una uchungu, hivyo huchemshwa na maji yake ya kwanza kumwagwa, au hupikwa kwa maziwa. Majani ya kunde na ya maboga huungwa kwa karanga au mafuta ya alizeti, zao linalolimwa sana mkoani.

Kukausha

Majani ya mlenda huanikwa yakiwa mabichi, kisha hutwangwa kuwa unga. Unga huo hunyunyizwa katika maji yanayochemka na huiva kwa dakika chache, jambo linalopunguza matumizi ya kuni. Majani ya kunde kwa kawaida huchemshwa kidogo kabla ya kuanikwa.

Lishe

Mboga hizi zina madini ya chuma, kalsiamu na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kukausha hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, na jua kali huharibu karotini, madini hubaki. Kuanika kivulini penye upepo hupunguza hasara hiyo. Magadi hulainisha majani upesi, lakini nayo huharibu vitamini C, hivyo hufaa kutumiwa kidogo.

Kwingineko

Mojawapo ya mimea inayoitwa mlenda, Corchorus olitorius, hupikwa pia magharibi mwa Kenya kwa jina la mrenda, nchini Misri kama mulukhiyah, na kwa Wayoruba wa Nigeria kama ewedu. Nchini Zimbabwe mboga za majani zilizokaushwa huitwa mufushwa. Mjini Arusha kituo cha World Vegetable Center huhifadhi na kuchunguza mbegu za mboga za asili za Afrika, ukiwemo mgagani.