Mashairi Yaliyoambiwa Si Mashairi

Uwanja wa Azam hapa Chamazi una wahakiki wengi kuliko kitivo chochote cha fasihi. Mchezaji akikosa goli, jukwaa zima linamweleza kosa lake, na wiki ijayo anarudi kucheza. Waandishi chipukizi ninaokutana nao huku Temeke hawana ngozi ngumu kiasi hicho. Ukimwambia mmoja kwamba ubeti wake wa pili unachechemea, anakunja karatasi yake na humwoni tena. Kwa ajili yao nina kisa cha zamani kidogo.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi (vijana wengi wanamjua kwa uwanja wa Arusha tu) alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Kwa washairi wa kizazi chake, vina na mizani ndivyo vilivyotenga shairi na maneno ya kawaida. Nao hawakuogopa kukosoana: magazetini mshairi alimjibu mwenzake kwa shairi, mbele ya wasomaji wote.

Halafu mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe mwenye miaka 30, akatoa Kichomi. Mashairi yake hayakufuata vina wala mizani. Wanamapokeo wakasema hayo si mashairi. Pima uzito wa kauli hiyo. Shairi baya hurekebishwa. Lisilo shairi utalirekebishaje?

Kezilahabi alikwisha kuonja adha nyingine. Riwaya yake ya 1971, Rosa Mistika, ilipigwa marufuku shuleni, ingawa baadaye ilikuja kufundishwa humo humo. Lakini marufuku haikuachii hoja ya kujibu. Wanamapokeo walimwachia hoja, tena nzito: ukiondoa vina, shairi linasimama juu ya nini? Alikwisha kuanza kujieleza katika utangulizi wa Kichomi. Wenzake Mulokozi na Kahigi wakaja mwaka 1979 na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, nadharia na mashairi ndani ya jalada moja. Bila ubishi ule, sidhani kama kitabu kile kingeandikwa.

Wala Kezilahabi hakutii. Karibu Ndani, diwani yake ya 1988, haikurudi kwenye mizani. Alisikiliza, akajibu, akaendelea kutunga alivyoamini, na nadhani hapo ndipo chipukizi wengi hujichanganya: wanadhani kupokea lawama ni kukiri kosa, basi wanakimbia kabla hawajasikia lawama yenyewe ni ipi.

Upande wa pili nao haukushawishika. Mwaka 1986 Jumanne Mayoka alitoa kitabu alichokiita, bila kuficha kitu, Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Ubishi na mashairi yake akaviweka pamoja, ili anayetaka kumkosoa ajue pa kuanzia.